Shikamoo ya Ndani ya Pipa

Jana nilifunua pipa la maji lililokauka, harufu ya kutu ikanipiga, nikarudi kimawazo Temeke ya utoto wangu.

Nilikuwa na kigugumizi. Kila asubuhi shikamoo ilinikwama kooni, na bibi wa jirani akaniona mtoto asiye na adabu. Siku moja mama alinituma kusugua pipa tupu. Nikaingiza kichwa, nikajaribu: "Shikamoo!" Loo! Sauti yangu ikanirudia masikioni, nene kama ya balozi wa nyumba kumi akiita mkutano, haikukwama popote! Nikapaza tena na tena.

"Marahaba!" mtu akaitikia nje.

Nikachomoa kichwa. Alikuwa yule bibi, ndoo mkononi. Nikataka kumwamkia uso kwa uso, shikamoo ikakwama.

Akatua ndoo. "Rudisha kichwa humo, mjukuu wangu," akasema. "Mie nasikia."