Mbao za Kwenda Kigali

Mume wangu aliingia semina akiwa muuza mbao, akatoka jioni akiwa msafirishaji wa bidhaa nje ya nchi. Ilikuwa semina ya siku moja, hapa hapa Singida mjini, chakula cha mchana kikiwemo. Walifundishwa kwamba mbao laini, yaani hizi za paini, zinatafutwa sana nje, na kwamba anayetaka kushindana atafute kitu ambacho wenzake hawana. Alirudi nyumbani Mandewa na begi la bure begani, akaniambia amekipata. Nikamuuliza ni kipi. Akanyoosha kidole juu.

"Jua," akasema.

Kwa wasiotufahamu, huku kwetu hakuna msitu wa paini. Tuna alizeti, vitunguu, kuku na upepo. Paini tunaletewa kwa lori kutoka Iringa, na zinafika dukani mbichi kiasi kwamba ukizipiga msumari zinakurushia maji usoni. Lakini mume wangu alikuwa ameshapanga kila kitu. Malori ya Rwanda yanapita barabara yetu. Mbao mbichi ni nzito. Sisi tutazikausha bure, mnunuzi atapakia nyingi zaidi, na wale wenye mitambo ya kukaushia watajua hawajui. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Kicheko kilikatika alipoanza kuushusha mzigo wenyewe kutoka stoo, kwa sababu mzigo ule ulikuwa na mwenyewe. Ulikuwa wa mama yake, kule Ikungi. Mama mkwe wangu anaishi kwenye tembe, paa lake la udongo limechoka, linavuja. Pembeni ya tembe wanawe walimsimamishia kuta za nyumba mpya kwa matofali mabichi. Msimu mmoja wa mvua ulizipita kuta zile zikiwa zimefunikwa turubai, na kona moja ilishaanza kumeguka. Zilikuwa zinasubiri paa tu, na hazikuwa na uwezo wa kusubiri msimu mwingine.

"Na mama?" nikamuuliza.

"Mama atasubiri kidogo. Hizi sasa ni sampuli."

Mbao hukaushwa kivulini, zikipangwa kwa tabaka, na fito katikati ili hewa ipite. Mume wangu anajua hivyo tangu hajanioa. Ila aliona kivuli ni kulidharau jua ambalo ndilo lilikuwa mtaji wetu. Alizitandaza uwanjani moja moja, kama mtu anayeanika viazi, na kila mchana alitoka na kofia yake kuzigeuza. Majirani wakawa wanamuuliza zitaiva lini. Mwanzoni zilitulia. Baadaye zikaanza kuinua vichwa, nyingine zikapasuka kuanzia ncha, na mmoja ulipanda juu katikati, kuku wakawa wanapita chini yake bila kuinama.

"Zinapumua," mume wangu akanieleza.

Mnunuzi alikuja kweli, hilo sitamnyima. Alikuwa Mnyarwanda mpole, njiani kurudi kwao, akakubali soda na kiti. Aliokota ubao mmoja, akafumba jicho moja, akautazama kwa urefu wake. Akaokota wa pili. Kisha akatoa futi mfukoni. Wapasuaji waliotuuzia walikuwa wameutoa ubao ule inchi mbili upande mmoja, na upande wa pili inchi moja na matumaini.

"Mzee," alisema, "barabara ya Kigali naijua. Hizi sijui zinataka kwenda wapi."

Akatueleza bila dharau kwamba kwao fundi hapokei ubao mpaka ulingane na mwenzake, na kwamba mbao zilizokaushwa vizuri anazipata kwingine, zimefungwa kabisa. Alimaliza soda, akashukuru, akaondoka. Mume wangu alibaki amesimama pale, akasema bei ya dola imemwogopesha mgeni.

Wingu la kwanza lilipoonekana ndipo akamkumbuka mama. Tukapakia mbao zile zile kwenye lori, tukamchukua na fundi wa kupaua, tukaenda Ikungi. Mama mkwe aliitikia shikamoo zetu vizuri tu, akalizunguka lori, akaweka mkono juu ya ubao uliopinda.

"Hizi ndizo alizozikataa yule mtu wa Rwanda?"

Habari ilikuwa imefika kabla yetu. Mume wangu akakohoa.

"Mama, soko la nje lina masharti makali. Kwa matumizi ya ndani ziko sawa."

"Matumizi ya ndani ndiyo mimi?"

Fundi akajifanya anatafuta kitu kwenye mfuko wa misumari. Mama alisema maneno marefu kwa Kinyaturu, mwanawe akainamisha kichwa. Mimi ni Mnyiramba, Kinyaturu kinanipita, na nadhani alilikumbuka hilo, maana alinigeukia akanirudishia kwa Kiswahili ili na mimi nipate haki yangu. "Yule mgeni alizikataa, na wala hakuwa anakuja kulala chini yake. Mimi nilale?"

Tuliondoka na mzigo wetu. Kupata mbao nyoofu kulituchukua muda, maana kila tulipouliza tuliambiwa nzuri zimeshachaguliwa na watu wa nje. Tulipozipata, mvua ilikuwa imetutangulia.

Tulifika Ikungi mvua ikiwa imepumzika. Kuta mbili zilikuwa zimelala chini, matofali yamerudi kuwa tope. Mama mkwe alikuwa juu ya ngazi fupi, na karai la tope lile lile, anaziba nalo paa la tembe lake. Tulisimama chini na mbao zetu nyoofu, tukamwamkia kwa pamoja.

"Marahaba," alisema, akaendelea kuziba.