Dumuzi Walivyoitana Jikoni kwa Mama

Mama alipofariki, nyumba yetu ya Heru Juu ilijaa watu kuliko jiko lingeweza kuwalisha. Shangazi, dada yake baba, akahamishia upishi uani. Alifanya kwa huruma pia: hakuna aliyetaka kuingia jikoni na kukuta kigoda cha mama kitupu. Mafiga ya ndani yakapoa, na hata matanga yalipoisha hayakuwashwa tena. Baba alisema hawezi kupika pale.

Juu ya mafiga hayo yalining'inia mahindi ya mbegu. Mama aliipata mbegu hiyo kwa mama yake, na kila msimu aliyachagua mwenyewe mahindi yaliyo mazuri, akayafunga kwa maganda yake na kuyatundika moshini. Majirani walikwisha kuhamia mbegu za dukani. Ile ya kwetu ilibaki pale jikoni tu.

Mvua zilipokaribia nilirudi kutoka Makere, ninakofanya kazi ya ugani. Baba alitungua fungu moja akalifungulia mapajani. Unga wa punje zilizotobolewa na dumuzi, wale wadudu wa ghalani, ukammwagikia suruali.

“Haya, bibi shamba,” shangazi akaniambia, “wewe si ndiye msomi wa wadudu? Nani aliwaelekeza hawa? Nyumba imejaa watu, wao wamepita wapi?”

Nikaketi, nikaeleza polepole. Dumuzi dume wa kwanza huenda alifika kwa kubahatisha. Akishatoboa punje na kushiba, hutoa harufu. Harufu ni molekuli, chembe ndogo sana zinazopeperuka hewani. Dumuzi mwingine akipita, chembe hizo huingia kwenye vitundu vya vinyweleo vya vipapasio vyake. Ndani mna majimaji, na harufu ya namna hiyo haipatani na maji, kwa hiyo iko protini inayoibeba, kama mtu anayemvusha mgeni mtoni mgongoni. Ng'ambo kuna kipokezi kinachoitambua kwa umbo lake. Hapo neva hushtuka, na mdudu hugeuka kuifuata, awe dume au jike.

“Na sisi tusiisikie?” baba akauliza.

“Ni kidogo mno kwa pua zetu, baba.”

“Kwa hiyo sisi tunalia uani, wao wanaitana humu ndani.”

Shangazi alitazama yale mafiga. “Moshi ungewafukuza,” akasema.

“Dada, usijitwishe lawama. Hata mimi sikuwasha.”

Tulichambua mafungu yote. Dumuzi walikuwa wamekula viini, na punje isiyo na kiini haioti. Zilizosalimika tulizikunja kwenye gunia lililoloweshwa, chache zikachipua. Baba alizipanda nyuma ya jiko, akazipalilia kana kwamba ni shamba zima.

Zilipotoa mbelewele, upepo ulileta chavua ya mahindi ya jirani. Nilimweleza baba hilo pia: punje zitakazokaa hapo zitakuwa na mchanganyiko, na mimea michache hivyo haiwezi kuitunza mbegu isidhoofike. Nilimwambia amefanya kila kilichowezekana, na ilikuwa kweli.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniomba nisiyaache mahindi yetu yakauke. Tuliyavunja yangali mabichi, shangazi akawasha moto jikoni, tukayachoma. Hayakuwa na punje nyingi. Baba alikula taratibu, akamsogezea dada yake lililonona.

“Kula,” akamwambia. “Ndiyo mbegu ya mwisho hii.”