Kanyiva na Bunduki za Uchagani

Kanyiva, dobi wa hoteli moja ya Diani, alikuwa mwembamba kama ufito, lakini mchokoze uone! Alizaliwa Kitui, akahamia Mwabungo, huku Pwani, na mumewe, na vurugu za mwaka 1997 zilipowafukuza watu wa bara, nyumba yake ilichomwa. Wenzake wengi walirudi kwao. Yeye alijenga tena palepale. "Niende wapi? Watoto wangu wamezaliwa hapa," alisema, na huyo ndiye Kanyiva.

Mwaka uliofuata bunduki za vurugu zile zilikuwa bado zimefichwa kijijini. Kamati ya amani, wanaume kumi na wawili watupu, iliitisha baraza mara tatu: leteni silaha, hakuna atakayeulizwa. Wapi! Haikuletwa hata risasi. Chifu akatoa onyo: zisipopatikana kufikia Ijumaa, askari watapekua nyumba kwa nyumba. Wanawake walijua vizuri sana msako ukija ni nani huumia kwanza.

Kanyiva akaingia kikaoni na kijitabu alichopewa kwenye semina ya akina mama Ukunda.

"Shikamoo, Mzee Garama."

"Marahaba, mama," akajibu mwenyekiti. "Chai iko tayari?"

"Sikuleta chai, mzee. Nimeleta ahadi." Akawasomea: Beijing, mwaka 1995, serikali zilikubali wanawake wawepo panapoamuliwa mambo ya vita na amani, na Kenya ilikuwemo.

Mzee Garama akacheka. "Beijing ni Uchina, mama. Hapa ni Mwabungo."

"Na aliyeahidi ni serikali ya Kenya. Ama Mwabungo imekuwa nchi nyingine, hatuna habari?"

Chifu mwenyewe akaangua kicheko. Wanawake watano wakaingizwa kwenye kamati, kwa shingo upande.

Jirani yake Mwanasha, mmoja wa hao watano, ndiye aliyewaambia wenzake lililojulikana na kila mke: bunduki ziko uchagani, juu ya meko, pamoja na mahindi ya mbegu. Vijana waliopigana waliziweka huko kwa sababu mzee wa huku haingii jikoni, ng'o! Basi wale watano wakapita jiko kwa jiko, huyu wakimkunia nazi, yule wakimpetea mchele. Hawakuuliza bunduki ni ya nani. Waliuliza tu, "Dada, askari wakija Ijumaa, binti zako watakuwa wapi?"

Alhamisi walizikabidhi mbele ya kamati nzima: bunduki sita, zimefungwa kwa leso. Chifu akatangaza kwamba msako hautakuwepo. Kanyiva alijaa fahari hadi machozi yakamtoka, wala hakuyaficha.

Hapo akaingia Bi Mwanatumu, mke wa Mzee Garama, amebeba ya saba. Mpwa wa mzee alikuwa ameificha jikoni kwao tangu siku za vurugu.

Mzee Garama akainuka kitini. "Mwaka mzima! Mke wangu, mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza lini?"