Mpanda Baiskeli wa Tano

Aibu hii nimeikalia miaka mingi, na najua wengine mmeshaisikia kwa Deo, lakini Deo huongeza chumvi (ingawa, kusema kweli, haihitaji), kwa hiyo leo nisikieni mimi mwenyewe niliyeaibika.

Ilikuwa enzi za ujamaa, mkoa wetu bado ukiitwa Ziwa Magharibi, yakaandaliwa mashindano ya baiskeli kutoka Muleba hadi Bukoba mjini. Timu za watu wanne wanne, moja inaondoka, dakika tano baadaye nyingine inafuata, na saa haisimamishwi mpaka mtu wa nne avuke mstari, yaani ukimwacha mwenzako nyuma umejiumiza mwenyewe. Zawadi ilikuwa redio ya kijiji. Sisi wa Izigo hatukuwa na redio hata ya kuazima, na mwenyekiti wetu alikuwa ameshachongesha meza ya kuiwekea!

Nahodha alikuwa Deo, mwalimu wa shule ya msingi, kisha mapacha Ishengoma na Kato, na mimi, karani wa kupima kahawa, ambaye miguu yangu siku zile, jamani, ilikuwa mashine. Tuliondoka Muleba kama tunafukuzwa. Tulipokezana kukaa mbele kukata upepo, leso tumefunga puani kwa sababu ya vumbi, fulana nyeupe (kamati iliagiza timu zote zivae nyeupe) zimeshakuwa nyekundu kama barabara yenyewe, na kila kijiji watu wametoka migombani wanapiga vigelegele. Raha iliyoje!

Tukafika kwetu Izigo. Nilikuwa wa mwisho kwenye mstari, na hapo kando ya barabara alisimama shangazi yangu, dada yake baba, na kibuyu cha omulamba, yale maji matamu ya ndizi kabla hayajawa pombe.

"Mwanangu, utanipita mimi hivihivi?"

Nikajiambia, funda moja tu, nitawakuta mbele. Kumbe kwa shangazi hakunywewi funda moja. Nikasalimu, nikanywa, nikaulizwa habari za mama, nikanywa tena, na nilipodandia baiskeli kwa pupa mnyororo ukachomoka. Ninahangaika nao, vidole vimejaa grisi, mara vumbi likapita, ndani yake wapanda baiskeli wenye fulana nyekundu na leso puani. Nikasema, hao! Wamepunguza mwendo wanisubiri!

(Msiniulize kwa nini wangetokea nyuma yangu. Nimejiuliza sana.)

Niliwafukuza mpaka nikawafikia, na kwa kuwa niliona nimewachelewesha, nikapita moja kwa moja hadi mbele, nikavuta, yaani nikawakatia upepo wote. Nyuma yangu sauti ikasema, "Vuta, kaka, vuta!" Nikadhani vumbi limemkausha Deo koo. Nikavuta mabonde, nikavuta vilima, kila nikitaka kumpisha mwenzangu wananiambia, "Endelea, kaka, leo ni siku yako!" na mimi kichwa kikavimba, nikakanyaga zaidi.

Tulipokaribia Kemondo tukawakuta watatu wanakwenda polepole, wakigeukageuka kuangalia nyuma. Mmoja akapunga mikono yote miwili akipiga kelele, lakini masikio yangu yalijaa upepo. Nikawahurumia? Wapi! Niliinua ngumi nikapaza sauti, "Rudini mkapalilie migomba!"

Tukaingia uwanjani Bukoba, watu wamejaa, nami niko mbele, nimeachia usukani, mikono juu. Yule mwenye kipaza sauti akatangaza, "Timu ya mjini imefika! Muda bora kuliko wote!" Kisha akatuhesabu kwa kidole. "Lakini... mbona ni watano?"

Nikageuka. Wanne wakashusha leso. Aliyekuwa nyuma yangu alikuwa Hamisi, fundi cherehani wa pale mjini, anacheka mpaka machozi.

"Ahsante sana, kaka," akasema. "Umetuvuta kama lori."

Uwanja mzima ulicheka. Mimi, karani, ninayehesabu magunia kutwa, nilishindwa kuhesabu watu wanne!

Waamuzi wakakaa. Timu ya mjini wakafutiwa muda wao kwa kuvutwa na mtu asiye wao. Izigo, kwa kuwa mimi nilishavuka mstari, tukahesabiwa kwa wale watatu, walioingia wamechoka, wamechelewa mno kwa kunisubiri. Redio ikaenda kwa wazee wanne wa Ngenge waliokuja kwa mwendo wao, wakiwa na kengele, vibebeo na viatu vya kanisani.

Deo alinijia. Nilitaka ardhi inimeze.

"Nilikuita kwa jina," akasema. "Mara tatu. Ukaniambia nikapalilie migomba."

"Nisamehe, Mwalimu."

Ishengoma alinigeuzia mgongo, Kato akajikaza asicheke, akashindwa. Jioni tulipokuwa tunaondoka, nikajiweka mwisho kabisa kama mkosaji, ndipo Deo akasimamisha baiskeli yake.

"Wewe, njoo mbele yangu," akasema, "nikuone."

Nilipanda baiskeli hadi Izigo nikitazamwa kisogo. Tangu siku ile nimeapa sijiungi na kundi lolote kabla sijaona sura za watu, iwe harusi, iwe msiba, hata kwaya ya parokia huwa nachungulia kwanza kushoto na kulia kabla sijafungua mdomo.