Siku Kinanda cha Mabomba Kilipokwama

Mwalimu wangu wa kinanda alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mzee aliyefiwa na mkewe, aliyekaa Shangani na binti yake. Kinanda cha mabomba cha kanisani kwetu alifundishwa kukipiga na wamisionari akiwa kijana, na kwa miaka mingi hatukuwa na mtu mwingine aliyejua kukipiga. Alipotangaza kwamba anatafuta wanafunzi, tulijitokeza watano. Miaka miwili baadaye tulibaki mimi na muuguzi mmoja, ambaye mara nyingi alikuja moja kwa moja kutoka kazini na kusinzia kwenye benchi akisubiri nafasi yake.

Kinanda chenyewe kilikuwa kimechoka. Hewa ya chumvi ilikuwa imekula mabomba, mchwa walikuwa ndani ya mbao, na ngozi ya mvukuto unaosukuma upepo ilikuwa imepasuka. Mwalimu aliiziba kwa viraka vya mpira wa baiskeli. Halmashauri ya walei ilitaka king'olewe, kinunuliwe cha umeme. Mwalimu aliomba kitu kimoja tu: wanafunzi wake wapige kwanza mbele ya waumini, ndipo waamue.

Ilikuwa Jumapili, baada ya misa ya pili. Msimu wa korosho ulikuwa umepamba moto na watu wengi walikuwa mashambani. Waliobaki hawakujaza hata mabenchi sita. Mama alikuja kutoka Likombe, akakaa mbele kabisa, amevaa kitenge anachokiweka kwa ajili ya harusi.

Muuguzi alianza na wimbo wa matoleo, akaumaliza bila kukosea. Kisha nikakaa mimi. Nilikuwa na kipande cha muziki cha kurasa tatu nilichokifanyia mazoezi tangu Kwaresima. Kwenye ukurasa wa pili, noti moja ya juu ilikwama. Niliinua kidole, ikaendelea kulia. Nikapiga tu nikidhani itaacha, lakini ilikuwa juu ya kila kitu, nyembamba, kama filimbi ya trafiki. Watoto wakaanza kucheka. Mwalimu akaingia nyuma ya kinanda. Nikamsikia akigongagonga mbao na kuhema.

"Endelea," aliniambia kwa sauti ya chini. "Usisimame, mwanangu."

Niliendelea mistari michache, halafu mikono ikakataa. Nikaiweka mapajani. Noti ile ikalia peke yake kanisa zima mpaka Mwalimu alipozima mota ya upepo. Ikashuka taratibu, ikalegea, ikanyamaza.

Alitoka na vumbi la mchwa mabegani. Aliyepiga makofi ni mama, naye aliacha alipoona yuko peke yake.

Mwenyekiti wa halmashauri akasimama. Hakuwa mtu mbaya. "Mwalimu, tumesikia," alisema. Kisha akanigeukia. "Binti, kile cha umeme utakiweza?"

Mwalimu alikuwa hatua mbili kutoka kwangu, akijifuta mikono kwa leso. Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema muulizeni yeye.

"Nitakiweza," nikasema.

Mwalimu alianza kukusanya karatasi za muziki, moja moja. Nilimfuata mpaka mlangoni.

"Mwalimu, nisamehe."

"Umejibu ulichoulizwa," alisema, akaenda zake.

Mabomba yaling'olewa kabla ya Majilio, yakarundikwa nyuma ya stoo ya parokia. Muuguzi aliacha kuja. Mimi nilianza kupiga kile kipya, chenye ngoma zake ndani, na watu walikipenda. Nilikwenda Shangani mara mbili. Mara ya kwanza binti wa Mwalimu aliniambia baba amelala. Mara ya pili Mwalimu alinikaribisha mwenyewe, tukanywa chai, tukazungumza habari za mvua. Niliandaa maneno njia nzima, na nikarudi nayo.

Kabla masika hayajaisha, Mwalimu akafariki. Binti yake aliomba kwaya iimbe mazishini kwa sauti tupu, bila kinanda chochote. Hakunieleza kwa nini, nami sikumuuliza. Nilikaa kati ya waombolezaji, na nyimbo zilipoanza sikuweza kuimba hata ubeti mmoja.