Taa za Nyuma za Pikapu ya Mgeta

Harufu ya karoti zilizooshwa mtoni ikichanganyika na petroli: huo ndio utoto wangu kule Mgeta. Alfajiri tulipakia magunia yakiwa bado yanachuruzika maji, maana mnunuzi wa Dar hataki karoti yenye udongo, kisha baba aliteremka na pikapu kuukuu kwenda Morogoro Mjini, ukungu mzito kama uji. Msimu mmoja wa mvua, nikiwa darasa la tano, taa za nyuma ziligoma. Zikawa zinawaka kwa kufifia kama kaa linalozimika, na nusura lori limgonge baba kwa nyuma kwenye kona.

Mjomba Kibwana, kaka yake mama, akaja kutoa hukumu. Pikapu ilinunuliwa kwa mazao ya shamba la ukoo wa mama, na kwetu Waluguru mjomba akisema, baba hutazama chini. "Balbu mmebadilisha, fyuzi mmebadilisha. Kesho gari hili naliuza kama chuma chakavu. Siwezi kumzika shemeji kwa ajili ya karoti." Mama alijishika shingo. Kabla ya gari lile alikuwa akibeba magunia kichwani, anateremka vijia vya utelezi mpaka barabarani, na sasa alikuwa anarudishwa kulekule.

Mimi nikasema haliuzwi. Mjomba akacheka mpaka kofia ikakaa upande. "Mpwa wangu, hesabu za kugawanya zimekushinda, umeme utauweza?" Nikamjibu, "Shikamoo mjomba, lakini umeme hauulizi mtu yuko darasa la ngapi." Mama akanikemea, "We! Ulimi huo!" ila aliuma mdomo asicheke.

Nilimwomba baba akanyage breki, nikasimama nyuma kutazama. Kila akikanyaga, taa ya kuonyesha kona nayo inawaka kidogo, wakati hakuna aliyeigusa. Hapo nikajua: umeme unafika, ila umekosa njia ya kurudi, unapita mlango wa jirani, kwenye taa ya kona. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikalala chali kwenye tope. Waya wa kurudisha umeme ulifungwa kwa bolti kwenye bodi, na pale pote palikuwa kutu tupu. Maji ya karoti zetu yalikuwa yanadondokea hapo kila safari! Tulikuwa tunaliua gari kwa usafi wetu wenyewe. Nikafungua bolti, nikakwangua kwa kisu na msasa mpaka chuma kikang'aa, nikakaza.

"Kanyaga, baba!" Taa zikawaka nyekundu, ukuta wa nyumba ukawa mwekundu, uso wa mjomba ukawa mwekundu. Akazunguka gari, akainama, akagonga kioo cha taa kwa kidole. "Haya, dada," akasema, "pakieni." Kwangu hakugeuka. Mama ndiye aliyepiga kigelegele, majirani wakatoka wakidhani kumezaliwa mtoto.

Wapo wanaosema nilibahatisha. Bahati gani hiyo inayolala kwenye tope? Shule niliishia la saba, na leo nina gereji mjini ambako wenye vyeti huomba kazi. Mashine ya kusoma hitilafu ninayo pia. Siku hizi taa zinakuja zimezibwa kiwandani, si rahisi kuzifungua, na wateja wananiambia, "Fundi, tupa zote, weka mpya." Siweki. Kwangu hakuna kinachohukumiwa kabla hakijafunguliwa, na asiyeweza kusubiri aendelee mbele, gereji ni nyingi.