Picha Nne za Ufa Mmoja

Mtaani walimwita Usicheke, na jina hilo alijitakia mwenyewe. Kwa miaka kumi na sita alipiga picha za paspoti na vitambulisho katika chumba chenye pazia jeupe na kiti kisicho na mgongo, na kila aliyeketi pale aliambiwa neno hilohilo. Watu walitoka wamenuna kama waliofiwa, kisha wakamlaumu yeye kwa sura zao. Mwenyewe alikuwa mcheshi, ila kazi ya nyuso zilizonyooka ilikuwa imeanza kumkinaisha.

Aliishi na mama mkwe wake katika ghorofa ya pili ya jengo la ghorofa nne, karibu na studio. Mume alikuwa amefariki zamani, na wanawake wale wawili wakabaki pamoja. "Mwanangu alikufa akaniachia mke," bibi yule aliwaambia majirani, na wote wakacheka.

Siku moja kamera yake kuukuu ilianguka sakafuni. Pete inayoshika lenzi ikapasuka, na fundi akasema hakuna la kufanya. Usicheke akapata kamera nyingine ya kazi, lakini ile hakuitupa. Jumapili moja, akiwa hana shughuli, aliishika lenzi kwa vidole mbele ya tundu la kamera bila kuifunga, akaiinamisha kidogo, akabonyeza. Ikatoka picha ya mama mkwe ambayo hakuwahi kuiona mfano wake: jicho moja kali kama ncha ya sindano, uso uliobaki umeyeyuka, na mwanga uliopenya kwenye mwanya umemwagika shavuni. Bibi aliitazama kwa muda mrefu. Akasema anafanana na mtu anayeitwa kutoka mbali.

Kuanzia hapo Usicheke hakutulia. Akajaribu kuigeuza lenzi nyuma mbele, na vitu vidogo vikawa vikubwa: chembe za sukari zikawa majabali, uzi wa shuka ukawa kamba ya kuvutia gari. Lenzi iliyogeuzwa hivyo hairekebishiki. Huona kwa umbali mmoja tu, kama upana wa vidole vitatu. Mpigaji ndiye husogea mbele na nyuma, amebana pumzi, mpaka kitu kisimame wazi.

Ndivyo alivyofika kwenye ufa. Ulikuwa ukutani pa ngazi, chini kidogo ya ghorofa yao, mwembamba kama unywele, na kila asubuhi mwanga wa dirisha dogo uliupiga ubavuni. Kwenye lenzi ulikuwa bonde lenye kingo na vivuli, na uzi wa rangi ya zamani ya kijani umelikatiza kama daraja. Aliupenda. Kila Jumapili alichuchumaa pale na kuupiga picha, majirani wakimruka kwa vicheko. Baada ya miezi minne alichagua picha nne, akazikuza, akazitundika studio kwa kufuatana. Wateja waliuliza ni milima ya wapi.

Mtu wa kwanza kutouliza swali hilo alikuwa mwashi mmoja, mtu mzima mwenye mikono iliyopauka kwa saruji, aliyekuja kupiga picha ya leseni. Alipomaliza hakuondoka. Alisimama mbele ya zile picha, akauliza zilipigwa wapi. Usicheke akamwambia ni ukuta wa ngazi ya kwao.

"Ulisimama umbali uleule kila mara?"

Akamweleza habari ya lenzi iliyogeuzwa, kwamba haiwezi kuona kwa umbali mwingine.

Mwashi akaweka kidole kwenye picha ya kwanza, penye daraja la rangi, zima. Kwenye ya pili lilikuwa na mkatiko. Kwenye ya tatu limekatika. Kwenye ya nne ncha zake mbili hazikutazamana tena. Moja ilikuwa imeshuka.

"Ufa wa plasta hulala," alisema. "Huu unatembea, tena upande mmoja unazama. Dada, nani anakaa mle?"

"Mimi," alijibu Usicheke.

Jioni ileile alimpelekea msimamizi wa jengo zile picha. Huyu alikaa kwenye chumba cha chini ya ngazi, mtu mwema, mwepesi wa kubeba mizigo ya wengine. Alicheka kwa upole, akauliza lenzi iliyovunjika inawezaje kuona lililo zima. Lakini hakumpuuza. Kesho yake alikuja na plasta na ndoo ya rangi, akasema wahenga hawakukosea, usipoziba ufa utajenga ukuta. Akauziba. Kwa wiki mbili ukuta ulimeremeta kama uso wa bibi harusi. Jumapili ya tatu Usicheke alisogeza lenzi taratibu juu ya rangi mpya, na mstari ukajitokeza, palepale, njia ileile. Akaupiga picha, akaandika tarehe nyuma yake.

Akamwandikia mwenye jengo, asijibiwe. Akaenda ofisi inayohusika na majengo, akaambiwa alete kwanza barua ya msimamizi.

Mama mkwe ndiye aliyekuwa mgumu kuliko wote. Alikuwa ameishi mle miaka thelathini na mmoja. "Unaniogopesha kwa vumbi, mwanangu," alisema, akazirudisha zile picha bila kuzitazama mara ya pili. Usicheke hakumlaumu, maana hata yeye kuna siku aliona ni vumbi.

Ila Jumanne moja mchana mlango wa chumba cha bibi, ambao siku zote ulifungwa kwa kidole kimoja, uligoma kuingia kwenye fremu yake. Bibi akatania kwamba mlango umenenepa. Kesho yake uligoma kufunguka, na Usicheke akausukuma kwa bega. Akamkuta bibi ameketi kitandani, mikono mapajani, akiangalia kona ya dari.

"Funga vyombo," alisema.

Walihamia vyumba viwili nyuma ya studio. Msimamizi aliwasaidia kushusha kabati. Kabla ya siku kumi vyumba vyao vilikuwa vimepigwa randa milango na kupata wapangaji wengine, mume na mke wenye mtoto mchanga. Usicheke aliposikia, alifunga studio. Alikwenda. Mke yule alifungua mlango nusu, mtoto begani, akamsikiliza kwa adabu ya mtu asiyeamini. Alidhani mgeni amejuta na anavitaka vyumba vyake.

"Sina shida na vyumba," Usicheke alimwambia. "Siku mlango ukikataa, usiite fundi. Beba mtoto utoke."

Ilikuwa wiki ya tano tangu wapangaji wale waingie, saa nne asubuhi. Mume alikuwa kazini. Mlango wa chumba ulikataa, na mtoto alikuwa ndani amelala. Mke aliusukuma mara tatu kwa bega kabla haujamwachia, akamtwaa mtoto na shuka yake, akashuka mbio pekupeku. Chini alimkuta msimamizi anafagia, akamwambia atoke, mlango umekataa. Msimamizi akamtuliza, akasema huo ni ugonjwa mdogo, anayo dawa yake. Akaingia chumbani kwake, akatoka na randa, akapanda ngazi.

Mwanamke alikuwa amevuka barabara. Alisema baadaye kwamba hakusikia kishindo, ila sauti kama ya lori linalomwaga kokoto, ndefu, na alipogeuka upande wote wa ngazi haukuwepo. Wengi walikuwa makazini na shuleni. Wawili walivunjika viungo. Mwili wa msimamizi ulitolewa siku ya pili.

Watu wa uchunguzi walikuja studio wakachukua zile picha nne na nyingine zote, zikapata ishirini na tatu. Mmoja wao, kijana mwenye kalamu, alihesabu tarehe nyuma ya kila picha, kisha akauliza kwa nini alipiga picha miezi minne bila kumwambia mtu.

"Zilikuwa nzuri," alisema Usicheke.

 Kijana akaandika hivyohivyo.

Sasa watu humwita akaangalie kuta zao. Huenda na yule mwashi, na lenzi mkononi, huchuchumaa na kubana pumzi. Nyufa nyingi zimelala, na mwashi huwaambia wenyewe hivyo, wakapumua.  Usicheke huandika tarehe nyuma ya picha, akauliza kama Jumapili ijayo watakuwepo.